Mayai Ndani ya Noah

Kasmir ni mume mwema, hilo hata majirani wa kijijini kwao Kate watakuambia, lakini jamani, usithubutu kumwambia kwamba gari lake lina ubovu. Mwambie nguruwe wameingia shambani, atakuuliza upande gani. Mwambie paa linavuja, atatafuta ngazi. Ila gari! Ile Noah ya rangi ya maziwa aliyoinunua kwa mahindi ya misimu miwili, ukiisema vibaya kidogo tu, atanuna kama umemtukania ukoo mzima.

Kwa hiyo asubuhi ile Leonia, mkewe, alipochomeka waya wa mashine ya kutotolesha vifaranga kwenye tundu la chaja, pale mbele chini ya redio, akaona taa ya mashine haiwaki, alijua ana kazi mbili: kutafuta ubovu na kumbembeleza mwenye gari.

"Baba Zenon, tundu lako limekufa."

"Halijafa. Hujachomeka vizuri."

"Nimechomeka."

"Zungusha kidogo."

"Nimezungusha mpaka mkono unaniuma!"

Kasmir akaja mwenyewe. Akachomeka, akachomoa, akapuliza ndani ya tundu, akachomeka tena. Akaleta na chaja ya simu yake. Kimya.

"Labda na hii chaja ni mbovu," akasema.

"Ndiyo. Mashine mbovu, chaja mbovu, na mimi mbovu," Leonia akajibu. "Zima ni gari tu."

Mzaha ulimtoka mdomoni, lakini hofu alikuwa nayo, na alikuwa na sababu. Mashine ile, sanduku la plastiki lisilozidi beseni la kufulia, ilikuwa imebeba mayai ya mtaa mzima. Iliposikika kwamba kideri kinaua kuku vijiji vya jirani, Leonia alipita nyumba kwa nyumba akisema, "Nipeni mayai kabla ugonjwa haujafika kwetu. Kuku wakiondoka, watoto wao watabaki." Wengine walimcheka. Wengi walimletea. Silvana akachora msalaba wa penseli kwenye mayai yake, Rhoda akachora mistari miwili, kila mwanamke na alama yake, asije mtu akagombania kifaranga cha mwenzake. Haukupita muda kideri kikaingia, na kilifagia. Tangu siku hizo alfajiri ya mtaa wao ilikuwa kimya, hakuna jogoo wa kuwika, mtu unaamka hujui kama kumekucha au bado. Kuku wao wote waliobaki walikuwa wamejikunja ndani ya maganda, kwenye sanduku lile, na siku yao ya kutoka ilikuwa imewadia.

Basi ndipo upepo ukaangusha nguzo ya umeme. Watu wa umeme waliahidi watakuja, hawakusema lini. Angela, wifi yake Leonia, aliishi Namanyere, na kwake umeme ulikuwepo. Mashine ilikuwa na waya wa pili, wa kuchomeka kwenye gari. Mpango ulikuwa mwepesi kabisa: pakia, chomeka, nenda, mayai yafike Namanyere bila kujua kama yamesafiri. Lakini tundu halina umeme, hita ya Noah ilikufa kabla Kasmir hajainunua (yeye husema imepumzika), na upepo wa Ufipa mwezi wa saba haumhurumii hata mtu mwenye koti, sembuse kifaranga anayejiandaa kupasua ganda.

"Nitawaambia nini akina Silvana?" Leonia akasema. "Mimi ndiye niliyewaomba. Ningenyamaza, si wangeyakaanga, wakala, wakashiba?"

Aliyewashangaza siku hiyo ni Bibi Dominika, mama yake Kasmir. Tangu mashine iingie nyumbani alikuwa haishi kuisema. "Kuku wa plastiki! Kuku gani huyo anachomekwa ukutani?" Wenzake walipoleta mayai, yeye alikataa hadharani. Alisema kuku wake wa madoadoa atalalia mwenyewe kama Mungu alivyopanga. Kideri hakikujua mipango hiyo. Bibi Dominika alimzika yule wa madoadoa nyuma ya jiko, hakukubali atupwe, na siku hiyo hakugusa ugali. Sasa asubuhi hii, bila kuombwa na mtu, alitoka na blanketi lake na madumu mawili ya maji ya moto, akapanda Noah, akajipenyeza mpaka siti ya nyuma kabisa pembeni, akalikumbatia sanduku.

"Nani kawaambia yai linangoja mafundi?" akasema. "Tafuteni ubovu wenu. Mimi nipo huku."

Leonia akapanda nyuma yake. Akamfunga blanketi vizuri magotini, akarudi mbele.

Kasmir alikuwa ameshafungua kifuniko cha fyuzi chini ya usukani. Fyuzi ya tundu ilikuwa imeungua, kile kiwaya chake katikati kimekatika. Akaiona, akapata uso wa ushindi. "Si unaona! Gari zima. Ni fyuzi tu hii." Akachomeka mpya, akazungusha ufunguo. Tap! Ikaungua. Akachomeka nyingine, safari hii polepole, utadhani fyuzi inaungua kwa kushtuka. Tap! Ikabaki moja.

"Mpe nyingine tena aile," Leonia akasema kwa uchungu. "Una moja. Ukimaliza tukachomeke vidole."

"Basi unafikiri tufanyeje?"

"Tumwite Sayi."

Kasmir alinuna, lakini alipiga simu. Sayi alikuwa kijana wa Kisukuma ambaye wazazi wake walihamia na ng'ombe wao zamani akiwa mgongoni kwa mama yake. Yeye ng'ombe hakuwapenda sana. Alipenda nyaya, na alikuwa anazunguka vijiji akifunga sola. Alifika na pikipiki yake, masikio yamekufa ganzi kwa baridi, akachungulia ndani ya gari.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Funga mlango, unaingiza upepo."

"Mimi leo nimeshangaa," Sayi akasema, akifungua begi lake la vifaa. "Wafipa mnaniita mimi Msukuma niwatafutie umeme? Nyie si mnayo radi yenu ya uganga, mnaituma hata jua likiwaka?"

"Radi tunayo," Bibi Dominika akajibu kutoka nyuma, hata hakugeuka. "Ila haina fyuzi."

Wakacheka wote, hata Kasmir. Kisha Leonia akasoma kipimo cha joto cha mashine, na kicheko kikamwisha. Joto lilikuwa linashuka. Maji ya madumu yalikuwa yanapoa. Akakimbilia jikoni kuchochea moto, akabandika sufuria nyingine.

Aliporudi alimkuta Kasmir ana wazo. "Tukate huu waya wa mashine, tuuunge moja kwa moja kwenye betri. Dakika tano tu, tuko barabarani."

"Inawezekana," Sayi akasema. "Ila fyuzi haitakuwepo. Na hapa kuna shoti mahali hatupajui."

Leonia akaweka dumu chini. "Noah ya Nestory iliungua kwa waya kama huo, njia ya Mpui, akabaki na namba za gari tu mkononi. Nimpakie mama yako nyuma, nimfunge blanketi, halafu niwashe kiberiti? Baba Zenon, sitaki hata kusikia."

Kasmir akatazama kule nyuma alikoketi mama yake, akauachia waya.

Sayi akachuchumaa mlangoni. "Sikilizeni. Fyuzi ni mlinzi wa geti. Ukimkuta amekufa, usilete mlinzi mwingine tu naye akauawe. Uliza nani amemuua." Akatoa kwenye begi balbu ya indiketa ya pikipiki, iliyounganishwa nyaya mbili fupi. Akazichomeka nyaya zile pale pale fyuzi inapokaa, akamwambia Kasmir azungushe ufunguo.

Balbu ikawaka, kali kabisa.

"Haya!" Kasmir akasema. "Umeme upo!"

"Umeme upo, ila unavuja," Sayi akasema. "Hakuna kitu tulichochomeka, sasa huu unakwenda wapi? Mahali fulani waya wa moto umegusa bodi ya gari. Taa hii ikiwaka, bado tunaumwa. Ikizima, tumepona. Mama Zenon, wewe kaa hapa uitazame. Ikizima piga kelele."

Basi Leonia akakaa kwenye siti ya dereva, balbu mkononi, akiitazama na kuomba izime. Maisha yake yote alikuwa akiomba taa ziwake, na leo kwa mara ya kwanza alikuwa anaomba taa ife. Ajabu ya dunia.

Sayi akafungua ubao wa chini ya redio, akalichomoa lile tundu la chaja na nyaya zake, likaning'inia hewani kama jino lililong'olewa. "Imezima?"

"Inawaka."

"Mh." Akakung'uta nyaya, akazivuta, akazikunja. "Sasa?"

"Inawaka tu, Sayi."

"Basi tundu hili tunalionea bure. Ubovu uko kwingine kwenye mstari huu huu." Akakaa chini, akajikuna kichwa. "Kaka Kasmir, lini mara ya mwisho ulichaji simu hapa?"

Kasmir akafikiri. "Tulipokwenda harusini Mpui. Tukirudi, simu ilikuwa inachaji vizuri."

"Ile siku uliyotaka kutuua pale kwenye mteremko," Leonia akasema.

"Ile siku ng'ombe walikatiza barabara."

"Ng'ombe walikatiza, wewe ulikuwa unaruka."

"Na baada ya siku hiyo," Sayi akaingilia kati, maana ya mume na mke hayaishi, "kuna kitu kimefanyika humu? Redio mpya, spika, mtu amepiga msumari?"

"Hakuna mtu aliyegusa gari langu," Kasmir akasema.

Kule nyuma Bibi Dominika akakohoa kidogo, akavuta blanketi.

Sayi akaanza kufuata waya. Akafunua zulia mlangoni, akaona nyaya zimelala pamoja zinaelekea nyuma, akazipapasa kwa vidole pole pole. Hakukuwa na panya aliyezitafuna wala skrubu iliyozichoma. Alipofika siti ya katikati alisimama ghafla, akajipiga paji la uso. "Mimi naye! Gari hizi zina matundu mawili. La pili liko nyuma, ubavuni kwenye buti, lina kimfuniko chake. Fyuzi yao ni moja. La nyuma likiumwa, la mbele linazimia. Bibi, samahani, naomba usogee nichungulie hapo pembeni yako."

"Sisogei."

"Kidogo tu, bibi."

"Nikisogea mayai yatapoa. Nimeshaupata mkao."

"Mama," Kasmir akasema, "sogea fundi aone."

"Nimesema sisogei! Mnataka kuua watoto wa watu?"

Wanaume wakatazamana. Leonia alimtazama mama mkwe wake kupitia kioo cha dereva, na kuna kitu akakiona. Mkono mmoja wa bibi ulikuwa juu ya sanduku, sawa. Mkono wa pili ulikuwa umebanwa ubavuni mwa gari, kiganja wazi, kama mtu anayezuia mlango usifunguliwe.

Akampa Kasmir ile balbu. "Itazame wewe. Sayi, hebu kanywe uji jikoni, upo tayari." Akapanda nyuma, akaketi jirani na Bibi Dominika, akajifanya anapima joto la madumu.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini. "Kuna nini hapo?"

"Hakuna kitu."

"Mama."

Bibi Dominika akageuzia uso dirishani. Mashavu yake yalikuwa yamepata moto, na si kwa maji ya madumu. "Ukimwambia Kasmir, nitakufa kwa aibu."

"Simwambii."

"Padri alipolibariki gari, nilimwambia mwanangu aning'inize kitu cha Mungu mbele. Akaniambia gari si altare. Sawa, nikanyamaza. Halafu ile siku ya ng'ombe nikaona kifo, Leonia, nakuapia nilikiona kwa macho yangu. Kesho yake nikatafuta mahali pa kuweka medali yangu ya Bikira, yeye asiione. Nikakuta hapa kuna kimlango. Kinafunguka, kinafunga, ndani kuna kijumba cha duara, kisafi. Nikasema Bikira Maria amejiandalia mwenyewe." Akashusha sauti. "Si nilidhani ni mapambo."

Leonia akang'ata ulimi asicheke. Halafu hamu ya kucheka ikapita, akabaki na huruma peke yake. Huyu mama alikuwa anasafiri nao kila Jumapili, anakaa siti hii hii ya nyuma inayorusha mgongo, wao wakidhani anapenda dirisha. Kumbe alikuwa kwenye zamu ya ulinzi.

Bibi Dominika akaondoa kiganja. Leonia akafungua kile kimlango. Ndani ya tundu, medali ya chuma ilikuwa imejipanga wima, ukingo mmoja umekanyaga kile kichuma cha katikati, mwingine umeegemea ukuta. Akachukua kijiti cha ufagio kilichokuwa chini ya siti, akaisukuma ikaanguka, akaichokonoa ikatoka. Ilikuwa na joto.

"IMEZIMA!" Kasmir akapiga kelele huko mbele, akagonga kichwa kwenye paa. "Imezima! Sayi! Imezima!"

Sayi akatoka jikoni anakimbia, kikombe cha uji mkononi. "Mmefanya nini?"

"Hamna," Leonia akasema, medali ameifumba kiganjani. "Palikuwa na uchafu tu kwenye tundu la nyuma."

Na hapo ndipo mambo yangeishia, siri ikazikwa, lakini Bibi Dominika akageuka kama aliyechomwa na mwiba.

"Uchafu? Uchafu, Leonia? Medali iliyobarikiwa na Askofu unaiita uchafu?"

Kasmir akageuka. Bibi akagundua alichosema, akajifunika mdomo kwa kanga. Sayi akatazama uji wake kwa makini sana. Leonia akafungua kiganja, hakuwa na jinsi tena.

Kasmir alikuja mpaka mlango wa pembeni. Akaitazama medali, akatazama kimlango, akamtazama mama yake. Leonia alijiandaa kwa ule ugomvi wa gari langu, gari langu, gari langu.

"Uliniogopa kiasi hicho, mama?" Kasmir akauliza.

"Sikukuogopa. Nilikuogopea."

Kasmir akanyoosha mkono. Akachukua medali, akaenda mbele, akachomoa kamba ya kiatu chake kimoja, akaifunga medali kwenye kioo cha katikati, mahali ambapo kila dereva anayepishana naye angeiona. Akavaa kiatu kisicho na kamba. Mama yake akafuta macho kwa pembe ya kanga akisingizia moshi.

Sayi akaweka ile fyuzi ya mwisho. Kasmir akashika ufunguo, akawatazama, akazungusha. Hakuna tap. Leonia akachomeka waya wa mashine kwenye tundu la mbele, akaupitisha kati ya siti mpaka nyuma. Taa nyekundu ya sanduku ikawaka, feni yake ndogo ikaanza kunong'ona. Leonia alipiga kigelegele hadi Silvana akachungulia uani kwake kuuliza kuna nini, na mafundi wote wawili, wa kweli na wa kujifanya, wakapeana mikono kama wamejenga daraja.

"Mkipata jogoo mmoja mnipe," Sayi akasema, akipanda pikipiki yake. "Kwetu pia hakuna anayewika."

"Wakitoka salama, utapata na mke wake," Leonia akamjibu.

Wakaondoka. Kasmir aliendesha taratibu, aliinama kwenye kila shimo, akawapisha ng'ombe ambao hata hawakuwa na mpango wa kuvuka. Kipimo cha joto kilipanda kidogo kidogo. Leonia alikaa nyuma pamoja na mama mkwe, sanduku katikati yao, roho bado iko juu. Joto lilikuwa limerudi, sawa, lakini yai halina dirisha. Huwezi kujua baridi ya asubuhi ilimfikia nani. Akaegemeza sikio kwenye plastiki. Hakusikia kitu ila feni. Akaegemeza tena baada ya kilima. Hakusikia kitu. Bibi Dominika alikuwa anahesabu rozari kwa vidole, midomo inacheza.

Walikuwa wameshaona mabati ya kwanza ya Namanyere Leonia aliposikia mlio. Mwembamba, wa hasira. Akainamia kidirisha cha mfuniko. Kwenye kona, yai moja lilikuwa na tundu dogo, na ndani ya tundu kijidomo kinagonga.

"Mama, tazama! Limepasuka! Baba Zenon, limepasuka moja!"

"La nani?" Kasmir akauliza, shingo imegeuka.

"Tazama barabara!" wanawake wakamjibu kwa pamoja.

Leonia akakaza macho atafute alama. Msalaba hakuuona, wala mistari miwili. Akakumbuka: wakati wa kumulika mayai kwa tochi ya simu alikuta moja ambalo halikuchorwa chochote, akadhani penseli imefutika. Hakulileta Silvana, hakulileta Rhoda. Aliuliza mtaa mzima, na hakuna aliyesema ni lake.

"Hili halina mwenyewe," akasema.

Bibi Dominika alikuwa anatazama nje, anasoma mabango ya maduka kwa bidii, mtu ambaye miwani yake ilivunjika mwaka jana. Kifaranga akasukuma kipande cha ganda, kikaanguka. Bawa lililolowa likachungulia, jeusi, na juu yake madoa meupe.

Leonia akalitazama lile bawa. Akamtazama mama mkwe wake. Machozi na kicheko vikamjia pamoja, akaviachia vyote.

"Mama! Kumbe una tabia ya kuficha vitu kwenye mashine za watu!"

Bibi Dominika hakumjibu. Alikuwa ameshainama juu ya sanduku, viganja vyake viwili vimeuzunguka mfuniko, na machozi yanadondokea plastiki. Alipozungumza, alizungumza na dereva.

"Kasmir, punguza mwendo. Kuna mtoto mchanga huku nyuma."